Sabuni na Mafuta ya Kujitengenezea Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Napika sabuni jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, Umoja. Nilianza Machi 2020, ule mwezi sanitaiza zilitoweka madukani na kila mtu akawa mkemia. Tangu hapo naulizwa maswali yale yale: kwenye ngazi, kwenye simu, hata ndani ya matatu mtu akinusa begi langu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linaweza kumuunguza mtu. Mengine ni ya mstari mmoja kwa sababu hayana zaidi.

Sijawahi kutengeneza chochote. Nianzie wapi?

Anza na mafuta ya mgando ya kujipaka. Hayana kostiki (haidroksidi ya sodiamu, ile alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), hayana maji, na ukikosea unayayeyusha tena hujapoteza kitu.

Pima nta ya nyuki gramu 20 na mafuta gramu 100, nusu ya nazi na nusu ya parachichi au alizeti. Weka vyote kwenye bakuli la chuma, kisha ukalishe bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, inashika moto kama mshumaa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu tuko juu, kwa hiyo joto la mvuke linatosha na kubaki.

Kabla ya kumimina, chovya kijiko kilichokaa kwenye friji au kwenye maji baridi (kikaushe kwanza). Mafuta yakishaganda juu yake, yaguse. Yakiwa magumu kama mshumaa, ongeza mafuta kijiko kimoja. Yakiwa laini mno, ongeza nta kidogo. Mimina kwenye vikebe vikavu kabisa, uviache wazi mpaka vipoe. Ukivifunika vikiwa moto, mvuke unatonea ndani na ndiyo mwanzo wa ukungu. Kama unampelekea shangazi Mombasa, weka nta gramu 25 badala ya 20, la sivyo atafungua mkebe akute mchuzi.

Nta nzuri inanukia asali ukiisugua kwa kidole gumba. Isiyonukia chochote huenda imechanganywa na mshumaa.

Mafuta yangu ya nazi yameganda yakawa meupe. Nimeuziwa feki?

Hapana. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Julai ya Nairobi haifiki hapo ndani ya nyumba, kwa hiyo lazima yagande. Yanayonitia shaka ni yale ambayo hayagandi hata asubuhi ya Julai: huenda yamechanganywa na mafuta ya bei nafuu, au yameondolewa sehemu inayoganda.

Ni kifaa gani ambacho siwezi kukosa?

Mizani. Ile ndogo ya kidijitali ya jikoni, inayosoma gramu moja moja. Utaipata Kamukunji au Luthuli, kwa bei ambayo haitakuumiza ukilinganisha na sabuni utakayoiharibu bila hiyo. Mapishi yoyote ya sabuni yanayosema "kikombe kimoja cha kostiki" yaruke, hata kama aliyeyaandika ana wafuasi laki moja. Kikombe cha kostiki ya vipande bapa na kikombe cha kostiki ya chembe havilingani uzito.

Vingine ni glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, viatu vinavyofunika vidole, jagi la plastiki ngumu lenye namba 2 au 5 ndani ya ile pembetatu ya chini, mwiko wa silikoni, na mkebe mtupu wa aisikrimu wa kugandishia. Blenda ya mkono inakuokolea nusu saa ya kukoroga, lakini mabibi zetu hawakuwa nayo.

Sufuria zangu zote ni zile nyepesi za kawaida. Kuna ubaya?

Kwa kuyeyushia nta, hakuna. Kwa kostiki, upo, na nilijifunza kwa sufuria ya mama.

Ilikuwa sabuni yangu ya tatu. Jagi lilikuwa limepasuka, nikaona haidhuru, nikamimina maji ya kostiki kwenye sufuria ya ugali. Kwa sekunde kadhaa kimya. Kisha pembeni pakaanza kutoa mapovu madogo, kama chai inayojiandaa kumwagika, halafu yakapanda kwa mpigo, ya kijivu, na mvuke unaokwaruza koo. Nilifungua mlango wa balkoni kwa kiwiko nikaiweka nje sakafuni. Ilipopoa, ndani palikuwa peusi, na nilipoielekeza kwenye mwanga niliona vitundu vitatu. Mama aliuliza sufuria yake kwa mwaka mzima.

Sufuria hizo ni alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Tumia stenilesi au plastiki ngumu, na kijiko cha alumini kisikaribie kabisa. Ukishindwa kutofautisha, pima kwa mkono: alumini ni nyepesi mno kwa ukubwa wake, na ukiisugua inaacha weusi kwenye kitambaa.

Naweza kutengeneza sabuni bila kostiki? Nataka ya asilia kabisa.

Huwezi. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na alkali, basi. Wanaouza vipande vya kuyeyusha na kumimina wanakuuzia sabuni ambayo mtu mwingine alishaitia kostiki kiwandani. Habari njema ni kwamba hesabu ikiwa sawa, kostiki yote hugeuka ikawa sabuni na glisirini, na kwenye kipande kilichokomaa haimo tena.

Kabla ya kostiki kulikuwa na majivu. Ukipita maji kwenye majivu ya kuni unapata maji makali yanayoteleza vidoleni, na ukiyapika na mafuta kwa saa nyingi unapata sabuni laini ya rangi ya kahawia. Wasomaji wangu kutoka Magharibi mwa Kenya wanayajua maji hayo kwa jina la musherekha, ya kulainishia mboga. Ni kitu kile kile kwenye kazi nyingine. Tatizo ni kwamba huwezi kujua ukali wake kwa kipimo cha gramu, na kila jivu lina lake. Nilijaribu mara moja nikapata kitu kama kamasi. Siwezi kukushauri.

Nihesabuje kostiki?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hupotea.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi hula kostiki gramu 18.3 hivi. Mawese hula 14.1, mafuta ya ng'ombe 14, zeituni 13.5, alizeti 13.4, parachichi 13.3, nyonyo 12.8. Ndiyo maana huwezi kubadilisha nazi kwa alizeti katikati ya mapishi ukaacha kostiki ile ile: itabaki ya ziada, na ziada hiyo itakutana na ngozi yako bafuni.

Mapishi ninayoyarudia zaidi ni haya, ya kilo moja ya mafuta: nazi gramu 300, mawese 450, alizeti 200, nyonyo 50. Nazi itakula 54.9, mawese 63.5, alizeti 26.8, nyonyo 6.4. Jumla ni 151.6. Sasa punguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki yasiliwe na yalainishe ngozi: unapata kostiki gramu 144. Maji ni mara mbili ya kostiki, gramu 288, nayo yapimwe kwenye mizani, si kwa macho.

Kostiki iingie kwenye maji. Kinyume chake, maji juu ya kostiki, hulipuka na kuruka usoni. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga, dirisha wazi, na usiinamie jagi. Maji yatapanda moto yenyewe, yapite nyuzi 80 bila jiko lolote. Weka jagi mahali ambapo mtoto hafiki, subiri lipoe hadi joto la maji ya kuoga, na mafuta yawe na joto hilo hilo. Changanya, koroga. Utajua imeiva pale uji unaodondoka kutoka kwenye mwiko unapoacha mstari juu, hauzami mara moja. Hapo ndipo unatia harufu ukitaka, kisha unamimina.

Baada ya siku moja au mbili itoe uikate ukiwa bado na glavu. Kisha ianike ndani ya nyumba, kwenye rafu yenye hewa, wiki 4 hadi 6. Kusubiri kunakera kuliko kupika. Mimi huandika tarehe kwa kalamu kwenye karatasi chini ya kila safu, maana nikitegemea kumbukumbu nitaanza kuoga nayo wiki ya pili.

Nitumie mafuta ya kupima ya dukani?

Ya kupikia chapati, sawa. Ya sabuni, mpaka ujue yametokana na mmea gani. Muuzaji mara nyingi hajui, na yale ya mashine ya sarafu huwa yamejazwa kwa chochote kilichopatikana kwa bei nafuu wiki hiyo. Mengi ni mawese, lakini "mengi" si namba ya kuweka kwenye hesabu. Nunua chupa yenye lebo.

Mafuta yaliyokaangia chipsi yanawezekana, kwa sabuni ya kufulia tu. Yachuje kwa kitambaa, na ujue kwamba harufu ya viazi haitoki yote. Jirani yangu anazo, na mashati ya mumewe yananipa njaa.

Kostiki ikinirukia nifanye nini?

Maji. Mengi, yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, huku ukivua nguo iliyolowa. Usimwagie siki ukifikiri unaizima. Kemia hiyo yenyewe hutoa joto juu ya kidonda. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo ukiwa umelishikilia wazi, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mtu akiimeza, asitapishwe. Aende hospitali mbio.

Kwa hiyo usipike sabuni siku ya mgao wa maji kabla ndoo hazijajaa. Umoja tunapata maji siku zake, na mimi hupanga siku ya sabuni kwa ratiba ya bomba, si kwa ratiba yangu.

Sabuni ya maji ya ungerol, ile tunayochanganya na chumvi, ni ya asilia?

Si ya asilia, na kusema kweli si sabuni kwa maana ya mafuta na alkali. Ungerol ni kisafishaji cha viwandani. Chumvi unayotia ndiyo inayoifanya nzito, lakini ukipitisha kipimo inageuka tena kuwa nyepesi kama maji, na hakuna chumvi utakayoongeza ikarudi.

Siidharau. Imewasomeshea watu watoto, na kwenye maji ya chumvi inatoa povu ambapo sabuni yangu ya nazi na mawese inashindwa. Ninachokataa ni kuitia rangi ya kijani, kuchora jani la mshubiri kwenye lebo, na kuandika "asilia".

Mbona sabuni yangu haitoi povu, inaacha utando kwenye beseni?

Angalia maji, si sabuni. Maji ya kisima yenye kalsiamu na magnesiamu hushikana na sabuni ya kweli na kutengeneza utando ule mweupe. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini hayana shida hiyo. Jaribu sabuni ile ile na maji hayo utaona.

Kwa kufua, tia magadi ya kufulia kijiko kimoja kwenye ndoo, koroga, subiri kidogo, ndipo utie sabuni. Magadi hayo tunayo hapa karibu, Ziwa Magadi kule Kajiado, yanachimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Ni makali kwa mikono, vaa glavu, na usiyatie kwenye sufi wala hariri. Kwa kuogea, ongeza kiasi cha nazi kwenye mapishi, isipite asilimia 40 maana ngozi itakauka.

Siki na bikabonati vikichanganywa vinasafisha kila kitu, sivyo?

Vikichanganywa vinasafisha karibu sifuri. Moja ni asidi, nyingine ni alkali. Povu lile zuri la video ni kuuana kwao. Linaloachwa ni maji yenye chumvi kidogo. Ukiona mtu ameviweka pamoja kwenye chupa moja ya kupuliza na kuifunga, kaa mbali, hewa inayotoka inaweza kuipasua.

Tumia kimoja kimoja. Bikabonati yenye unyevu kidogo, kwenye kitambaa, husugua jiko la gesi na sinki bila kukwaruza. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hung'arisha vioo na kuondoa utando mweupe kwenye birika: chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza. Kwa bomba la sinki lililoziba, hakuna hata kimoja kitakachosaidia kama kile kipira cha kusukuma na maji ya moto. Na usimwage machicha ya kahawa ya kusugulia mwili humo, ndiyo yaliyoziba.

Nitumie siki kupiga deki?

Kama sakafu yako ni vigae vya kauri, sawa. Kama ni terazo, usithubutu. Terazo ni vipande vya marumaru kwenye saruji na asidi inavila vyote viwili. Nyumba nyingi za zamani hapa jijini zina terazo nzuri kuliko vigae vya leo, na nimeona moja iliyofifia ikawa kama chaki kwa ajili ya siki na ndimu za "usafi wa asilia". Sabuni ya kipande iliyokwanguliwa kwenye maji ya vuguvugu inaitosha.

Na nikiongezea jiki kidogo kwenye siki iue vijidudu?

Hapana. Hiyo ni gesi ya klorini. Jiki haichanganywi na siki, ndimu, dawa ya choo, amonia, wala mkojo uliolala kwenye ndoo. Jiki na maji peke yake.

Losheni yangu imeota madoa ya kijani baada ya wiki mbili, na niliitia vitamini E.

Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Haiui bakteria wala kuvu. Popote maji yalipo, yawe ya bomba, ya waridi, ya mchele au utomvu wa mshubiri, viumbe vitaishi humo, na vingi huwezi kuviona vikifika. Losheni ya maji inahitaji kihifadhi cha kweli, kwa mfano fenoksiethanoli, isiyozidi asilimia 1, iliyopimwa kwa mizani. Ukisema hutaki kihifadhi, basi usitie maji: rudi kwenye nta na mafuta.

Hili nililipata kwa aibu. Nilimpa rafiki chupa ya krimu ya mshubiri siku ya arusi yake. Alinipigia kuniuliza kama ile harufu ya siagi iliyochacha ndiyo "harufu ya asilia".

Utomvu wa mshubiri uliokata mwenyewe ukae kwenye friji, usipite wiki moja. Simamisha jani kwanza utoke ule ute wa manjano, huo unawasha. Na ukate wa kwenye chungu chako. Mishubiri ya porini inalindwa nchini tangu 1986 kwa amri ya rais.

Ndimu usoni kwa ajili ya madoa?

Acha. Ndimu ina asidi kali kuliko ngozi inavyostahimili, na maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi ikatoka malengelenge na kuacha doa jeusi kuliko ulilokuwa nalo. Nairobi iko karibu na ikweta, na juu ya mita 1,600, jua letu halichezi hata siku ya mawingu.

Basi nitengeneze losheni ya kuzuia jua?

Hiyo nunua. Poda inayozuia jua isipotawanyika sawasawa, kipande kimoja cha uso kinalindwa na kingine kinaungua, na jikoni huna namna ya kupima. Mafuta ya karoti na ya nazi hayatoshi kabisa. Watu wenye ualbino hupata losheni hizo kupitia mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukimjua mmoja asiyejua, mwambie.

Kuna dawa ya kikwapa isiyo na kemikali?

Maji pia ni kemikali, lakini nakuelewa. Tumia shabu. Lile jiwe jeupe kama kioo ambalo vinyozi wa zamani hupaka baada ya kunyoa: lilowanishe, pitisha kwapani baada ya kuoga, liache likauke. Haliachi harufu na linadumu miezi mingi. Usilipitishe juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi, utaruka.

Mchanganyiko wa bikabonati na mafuta ya nazi hufanya kazi pia, ila watu wengi huwashwa baada ya wiki chache. Ukiutaka, bikabonati iwe kidogo na wanga wa mahindi uwe mwingi.

Nitie matone mangapi ya mafuta ya harufu?

Machache kuliko unavyotaka. Asilimia 1 inatosha kwa mwili: matone 20 hivi ni mililita moja, kwa hiyo matone 20 kwa mililita 100 za mafuta. Karafuu na mdalasini ni makali, weka robo ya hapo. Mkaratusi na mnanaa visikaribie pua ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga hahitaji harufu yoyote, ana yake.

Kabla ya kujipaka kitu kipya, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja hadi mbili.

Mafuta ya nyonyo yanaotesha nywele?

Hayaoteshi. Yanazifunika zisikatike, nazo zikiacha kukatika zinaonekana kurefuka. Ni mazito, yachanganye na parachichi nusu kwa nusu. Kwa kushikilia kingo za nywele, jeli ya mbegu za kitani ni bora: robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji, chemsha ukikoroga mpaka iwe kama ute wa yai, chuja ikiwa bado moto. Ikipoa haichujiki. Friji, wiki moja. Na sabuni ya kipande usiigeuze shampuu ya kila wiki. Ukali wake ni pH 9 au 10, nywele zitakuwa kama katani.

Mkaa wa jiko kwa kupigia meno?

Unakwaruza, na meno hayaoti tena. Mswaki wa mti wenyewe ni mzuri ukijua kuutumia, lakini dawa ya kujitengenezea haina floridi. Hapa mimi ni mteja wa duka.

Mbu je?

Mchaichai hufukuza kwa muda mfupi, kisha unapaka tena. Pareto inafanya kazi kweli, na tunailima wenyewe Nakuru na Molo, ila jua huiharibu haraka. Ukisafiri kwenda Kisumu au Pwani, chandarua na dawa ya dukani. Usicheze na malaria kwa ajili ya kujivunia mchaichai.

Inaokoa pesa?

Sabuni ya kufulia, hapana. Kipande cha kiwandani utakishindwa kwa bei. Mafuta ya kujipaka, midomo, na sabuni ya kuogea ukilinganisha na zile za maduka ya watalii, ndiyo, tena sana. Hesabu gesi, na hesabu zile utakazoziharibu mwanzoni. Mimi niliharibu nne.

Nimeanza kupata wateja. Nahitaji nini?

Alama ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) kabla ya kuuza kwa umma, na leseni ya biashara ya kaunti. KEBS wana utaratibu wa biashara ndogo, waulize wenyewe, na ujiandae kuwa na mapishi yasiyobadilika kila wiki. Andika kwenye lebo kila kilichomo na tarehe. Usiandike kwamba mwarobaini wako unatibu ukurutu: ukidai tiba, unahamia kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na huko si mahali pa kwenda na sabuni.

Jirani ameniomba kostiki kidogo, ameleta chupa ya soda. Nimpe?

Usimpe. Kostiki iliyoyeyushwa inafanana na maji, na mtoto akiona chupa ya soda hasomi lebo. Ile iliyobaki kavu ikae kwenye mkebe wake wa asili, kifuniko kimekazwa, juu ya kabati. Mwambie jirani aje Jumamosi na mafuta yake na miwani, mpike pamoja kwako, na arudi na vipande vyake vikishaganda.